Mhariri, Dvořák ana simfoni 9, siyo 5

Mhariri, salamu toka Tanga. Kwenye ukurasa wenu wa burudani Jumapili iliyopita mwandishi wenu kaandika kwamba yule mtunzi wa Kicheki, Antonín Dvořák, alitunga simfoni 5 (zile tungo ndefu za okestra) na ya mwisho ndo ile maarufu ya Dunia Mpya. Siyo kweli jamani. Zipo 9, na hiyo ya Dunia Mpya ndo ya 9. Ila simlaumu sana, najua kalitoa wapi, mi mwenyewe nimeishi na kosa hilohilo miaka na miaka.

Marehemu baba alikuwa fundi wa reli hapa Tanga, na kuna mzungu mmoja wa shamba la mkonge alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, baba akanunua kwake gramafoni na santuri kadhaa. Moja kwenye ganda imeandikwa kabisa Simfoni Namba 5, Dunia Mpya. Pale kwetu Ngamiani zikishapigwa taarabu za Black Star ilikuwa inafuata hiyo, na majirani wakazoea, wanauliza leo ile ya filimbi ya huzuni hupigi?

Sasa hiyo 5 ilitoka wapi. Dvořák akiwa hai zilichapishwa simfoni zake 5 tu, basi wachapaji wakawa wanazihesabu kwa jinsi zilivyotoka mtamboni, siyo jinsi alivyozitunga. Ya 6 ikaitwa ya 1, ya 7 ikawa ya 2, halafu mchapaji wake Simrock akaichukua ya 5, ambayo ni ya zamani kuliko hizo mbili, akaitoa kama ya 3 na kuibandika namba kubwa kwenye orodha ya kazi zake Dvořák ionekane mpya (biashara bwana!). Kwa hesabu hiyo Dunia Mpya, iliyo ya 9, ikaangukia namba 5. Nne za mwanzo hazikuchapishwa akiwa hai. Ile ya kwanza kabisa ndo kisa hasa: aliitunga 1865, akaipeleka Ujerumani kwenye mashindano, haikurudi, akajua imepotea jumla. Kumbe 1882 kuna mtu kaiokota duka la vitabu vya mtumba huko Leipzig, naye jina lake Dvořák vilevile na wala siyo ndugu! Akakaa nayo kimya. Imekuja kupigwa mara ya kwanza 1936, mwenyewe kafariki tangu 1904, yaani kazi yake ya kwanza hakuwahi kuisikia hata siku moja.

Kwa hiyo anayetaka kumjua huyu mzee atafute zote 9 za kondakta mmoja, na sisemi konda wa daladala, nasema yule anayesimama mbele ya okestra na kifimbo. Mi ninazo za István Kertész na okestra ya London Symphony, walizirekodi kuanzia 1963 mpaka 1966, na za Rafael Kubelík na okestra ya Berlin Philharmonic. Kertész ana moto, matarumbeta yanakuja mpaka unakaa sawa kwenye kiti. Kubelík ni Mcheki mwenyewe, alikimbia kwao 1948, na zile sehemu za taratibu mi naona hakuna anayemfikia. Ya 2 nisiwadanganye, ni ndefu mno, inakaribia saa nzima na nimeshasinzia mara mbili.

Tahadhari moja tu. Msimwachie kijana wa kurusha nyimbo awapangie. Mi nilipeleka flashi nikarushiwa zote, vipande 35, maana kila simfoni ina vinne isipokuwa ya 3 yenye vitatu, kufika nyumbani nakuta vimepangwa kwa alfabeti, Adagio (vile vya taratibu) zote mbele, zikafuata Allegro (vya haraka) lundo zima, unaanza na kipande cha simfoni hii unadondokea katikati ya nyingine, kama mtu kakuchania kitabu kisha akashona kurasa ovyo. Ikabidi nikae usiku kucha naviandika namba kimoja kimoja.

Na kama mna muda wa moja tu basi ni ya 7, achaneni na Dunia Mpya kidogo. Dvořák alikuwa mgonjwa wa treni, alikuwa anakwenda stesheni ya Praha kuangalia vichwa vya treni tu, na mwenyewe aliandika kwenye karatasi zake kwamba wimbo mkuu wa hiyo ya 7 ulimjia pale stesheni, treni ya sherehe kutoka Pest, Hungaria, ilipokuwa inaingia, 1884. Baba angelijua hilo! Mtu kashinda maisha yake yote na grisi ya reli mikononi, anarudi nyumbani anamsikiliza mwenzake wa treni, na asijue.

Naomba basi mrekebishe toleo lijalo, hata mistari miwili inatosha. Mi kwenye lile ganda la baba nimeshachukua peni, 5 nimeikata nikaandika 9 pembeni.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga