Barua ya Wazi kwa Rais wa Marekani: Kabla Ndege Hazijaruka

Mheshimiwa Rais,

Mimi si mpiga kura wako, lakini vita vyenu havijali mipaka, kwa hiyo nadhani ninayo haki ya kukuandikia.

Sherehe zenu za kuapishwa nazipenda. Ile ya Januari 20, 2009 tuliitazama kama arusi ya ndugu yetu. Kenya ilikuwa imeshatoa hata siku ya mapumziko Barack Obama aliposhinda. Mwaka haukwisha. Desemba 1 akatangaza kupeleka askari 30,000 zaidi Afghanistan, na siku tisa baadaye akapokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Vita alivirithi, simlaumu kwa hilo. Ila tangu hapo, kila rais akiinua mkono kuapa, furaha yangu huwa nusu.

Rais Woodrow Wilson alichaguliwa tena mwaka 1916 kwa sifa ya kuiepusha nchi na Vita Kuu ya Kwanza. Akaapishwa Machi 1917, na Aprili 2 alikuwa mbele ya Bunge akitaka vita. Wengi humwita kigeugeu. Mimi namheshimu kwa jambo moja: aliomba.

Katiba yenu imelipatia Bunge mamlaka ya kutangaza vita, na Bunge halijavitangaza rasmi tangu 1942. Vita vya Korea, Rais Harry Truman hakuomba idhini. Vya Vietnam vilipata azimio la haraka mwaka 1964. Sheria ya 1973 ikaja kuwabana marais: taarifa kwa Bunge ndani ya saa 48, na idhini isipopatikana, siku 60 zikiisha mapigano yakome. Mwaka 2011 siku hizo ziliisha mabomu yenu yakiendelea Libya, na serikali ya Obama ikadai kwamba sheria haikuyahusu. Ujanja wa wanasheria hauna dawa!

Kinachonishangaza zaidi ni mahali penyewe. Kwa desturi mnaapa kwenye jengo la Bunge. Rais anapokea madaraka mlangoni pa wenye mamlaka ya vita, kisha vita anaviamulia kwake, na watu wachache aliowateua mwenyewe.

Ombi langu ni hili. Kama hakuna aliyewashambulia, na bado unaona lazima mpigane, rudi kwenye jengo lile kabla ndege hazijaruka. Eleza sababu, gharama, na ni lini askari watarudi. Kisha wabunge wapige kura, mmoja mmoja kwa jina. Wapo wasioitaka kura hiyo. Wanaona heri lawama ibaki kwako. Usiwape mwanya huo.

Wasalaam.