Hana, Ana, Anna: jina ni moja, chagueni tahajia moja

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wa Mwanza na kando yote ya ziwa wanaotaka kumpa binti yao jina la Hana. Mmechagua jina zuri sana. Ombi langu ni kwamba mkubaliane pia namna ya kuliandika kabla mtoto hajafunguliwa kadi ya kliniki, maana tahajia zake ni nyingi na kila moja hugeuka mtu mwingine mbele ya karani.

Asili yake ni Kiebrania. Linaanza na H nzito ya kooni, kama Waarabu wanavyoitamka katika Muhammad, kisha N iliyokazwa, na maana yake ni neema au fadhili. Mzizi huohuo umo ndani ya Yohana na Hanania. Anayejulikana zaidi kwa jina hili ni mke wa Elkana, mama yake Samweli. Maandiko ya Wayahudi yalipotafsiriwa kwa Kigiriki, karne chache kabla ya Kristo, alfabeti ya Kigiriki haikuwa na herufi ya sauti ile, likaandikwa Anna, na Kilatini kikalipokea hivyo. Ndiyo sababu Biblia ya Union humwita mama yake Samweli Hana, lakini nabii mjane wa hekaluni katika Luka 2:36 akaitwa Ana. Jina ni lilelile, limepita njia mbili. Waprotestanti wa Ulaya waliporudia Kiebrania katika karne ya 16, H ikarudi nayo, na Waingereza wakawa na Hannah pamoja na Anne.

Njia zote mbili zilifika kwetu. Wamisionari wa Afrika, shirika la mapadre wa Kikatoliki kutoka Ulaya, walifika Bukumbi mwaka 1883, na vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki enzi hizo vilijazwa kwa Kilatini: Anna, N mbili, bila H. Waanglikana walioanza misheni ya Nasa miaka michache baadaye, na Waprotestanti wengine waliowafuata, walikuwa na Hana wa Agano la Kale. Sisi Wakatoliki tunaye pia Mtakatifu Anna, mama yake Maria, ambaye sikukuu yake na Yoakimu ni tarehe 26 Julai. Habari zake hazimo katika Biblia, zinatoka katika maandiko ya karne ya 2. Waislamu nao humjua mama yake Maryam, mke wa Imrani, kwa jina la Hanna. Kurani haimtaji kwa jina, ni wafasiri waliolipokeza.

Nchini Marekani, Hannah lilishika nafasi ya 2 kwa majina ya wasichana miaka ya 1998 hadi 2000, kisha likashuka. Kwetu linalosikika zaidi katika uongozi ni Anna: Anna Tibaijuka wa Muleba aliongoza UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, Anna Senkoro alikuwa mwanamke wa kwanza kugombea urais wa Tanzania mwaka 2005, na Anna Mghwira akagombea mwaka 2015. Hata Spika wa kwanza mwanamke, Anne Makinda, magazeti yetu yamemwandika mara Anne, mara Anna. Yeye anajulikana nchi nzima. Binti wa Igoma au Ukerewe atajieleza kwa nani?

Wapo wanaoliogopa Hana kwa sababu ya "hana" ya Kiswahili, na ni kweli watoto hutaniana shuleni. Wasiliache kwa hilo. Waandike Hanna na waikaze N wanapolitamka.

Sasa hesabuni. H ya mwanzo ipo au haipo, N ni moja au mbili, H ya mwisho ipo au haipo. Hizo ni tahajia 8: Hana, Hanna, Hanah, Hannah, Ana, Anna, Anah, Annah. Kosa huanza kliniki, kwenye foleni, pale mama anapotaja jina kwa mdomo na H ikamezwa. Muuguzi huandika alichosikia, kisha jina hilo likahamia kwenye cheti cha kuzaliwa, huku cheti cha ubatizo kikiwa na lingine na shule ikiandika la tatu. Miaka inapita kimya. Tofauti huonekana anapoomba kitambulisho cha taifa, au anapohakiki cheti RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, ili aombe mkopo wa chuo.

Kwa hiyo andikeni majina yote ya mtoto kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mkabidhi karatasi hiyo badala ya kutamka. Cheti kikitoka, kisomeni palepale mezani, herufi kwa herufi, kabla ya kuondoka. Nakala yake ndiyo ipelekwe parokiani na shuleni. Kama binti ana jina la nyumbani, tuseme Kabula kwa kuwa alizaliwa wakati wa mvua, amueni kama linaingia kwenye cheti na litakaa nafasi ya ngapi, kisha mpangilio huo usibadilike. Mkague tena kabla majina ya watahiniwa wa darasa la saba hayajapelekwa.

Ambao majina yao yamekwisha kuchanganyika wajue kwamba hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu hueleza tu kuwa Hana na Anna ni mtu mmoja. Haibadilishi jina. Anayetaka kubadili kabisa anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na aulize kwanza ofisi inayomtaka arekebishe inakubali ipi kati ya hizo mbili, asije akalipia zote.

Katekista,
Misungwi, Mwanza