Ndege ya rimoti ya umeme: hela haipotelei kwenye ndege, inapotelea kwenye betri

Juzi kaingia mzee mmoja dukani kwetu hapa Tabora na kijana wake wa form two, ananionyesha picha kwenye simu, ndege ya kivita, kijivu, mabawa yamelala nyuma. "Fundi, hii mnayo? Dogo anataka ajifunze kurusha." Nikamwambia mzee wangu, hiyo nikikuuzia leo kesho utanirudishia kwenye kiroba. Akacheka, ila sikuwa natania.

Zile za kivita zina bawa dogo, lazima zikimbie ndo zikae hewani, ukipunguza tu moto zinadondoka. Na sisi huku tuko juu kama mita 1,200 toka usawa wa bahari, hewa nyepesi kidogo, kwahiyo inabidi ikimbie zaidi. Anayejifunza anahitaji ndege inayompa muda wa kufikiria. Chukua ile mbaya mbaya, bawa limekaa juu ya mwili, refu, limepinda kidogo kama V lililofunguka, hiyo ukiachia stiki, yaani kijiti cha kuongozea kwenye rimoti, inajinyoosha yenyewe. Kama propela iko nyuma ya bawa bora zaidi maana ukitua kwa pua haivunjiki.

Watu wanauliza kwanini hatuuzi za mafuta. Mafuta ya nyingi ndogo sio petroli ya sheli jamani, ni methanoli na naitromethani imechanganywa na oili, utaipata wapi Isevya? Af injini inataka kurekebishwa kila mara, inapiga kelele mtaa mzima unatoka nje, na ikimwaga oili kila kitu kinateleza. Ya umeme unachomeka betri unarusha. Mwili ni povu, ukipasuka bawa unaunga na gundi jioni ileile, ila angalia, lile povu jeupe la kwenye maboksi ya tv supagluu inalila linabaki shimo, tumia gundi ya kutulia kama ya mbao.

Sasa betri, hapa ndo naomba msome taratibu maana wateja wetu wengi wanaumia hapa. Hizi ni lipo, yaani lithiamu polima, sio kama ya tochi. Ndani zina seli, vibetri vidogo vilivyounganishwa, na kila seli ikijaa ni volti 4.2, na ukiishusha chini ya 3 inaanza kufa, nyingi zinavimba kama chapati hazirudi tena. Mtu anarusha mpaka mota inakata, anafurahi kamaliza chaji yote, kumbe kaua betri! Weka alamu ya kwenye rimoti, dakika sita au saba hivi shuka, pima, ndo utajua yako inahimili ngapi. Kama hurushi wiki nzima usiiache imejaa, iache kwenye volti 3.8 kwa seli. Na usichaji kitandani wala ukaenda sokoni ukaiacha, ikilipuka moto wake hauna mchezo, weka kwenye sakafu ya saruji na wewe uwepo. Iliyovimba usiitoboe, tuletee.

Chaja nayo usibane hela. Nunua ile yenye tundu la ule waya mwembamba wa betri wa kusawazisha seli, nyingi zinakubali volti 12, umeme ukikatika unachomeka kwenye betri ya gari au ya sola maisha yanaendelea. Betri iliyoandikwa mAh 2200 (ndo kiasi cha chaji inachobeba) chaji kwa ampea 2.2, kama saa moja hivi, usiikimbize.

Mimi mwenyewe ya kwanza niliitupa kwenye mwembe. Nilisogeza betri nyuma kidogo ili kifuniko kifunge vizuri, sikupima uzito, ikapanda pua juu, ikasimama hewani, ikaingia kwenye mwembe, na mnajua miembe ya hapa ilivyo mirefu, kijana aliyepanda kuitoa nilimlipa zaidi ya bei ya propela. Sasa kila mteja nampimia hapahapa kaunta, unaiinua kwa vidole viwili chini ya bawa, kwa nyingi ni kama theluthi ya upana wa bawa toka mbele au pungufu kidogo, ikae sawa au pua iname kidogo tu.

Kurusha nenda asubuhi kabla ya saa mbili, upepo haujaanza, kiangazi hiki ikifika saa tano povu linabebwa kama mfuko. Tafuta eneo wazi lisilo na watu wala nyaya, kaa mbali kabisa na njia za ndege za uwanjani kwetu, na mambo ya vibali ulizia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla hujaanza. Ndege ikiwa inakuja kwako kushoto na kulia vinageuka, hapo ndo wengi wanaangusha. Ujanja: bawa lililoshuka chini, peleka stiki upande huohuo, kama unaliwekea nguzo.

Yule mzee mwishoni kachukua ya bawa la juu na betri mbili. Dogo kanuna mpaka nje, jumamosi kaja anauliza kama tuna betri ya tatu.