Supavaiza naye ana presha, nani anahesabu saa zake?

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kila tukiongelea stresi kazini maneno yote yanaenda kwa mfanyakazi wa chini na bosi mkorofi, sawa, mabosi wakorofi wapo na Dar hii tunawajua, lakini kuna mtu wa katikati hapo hasemwi kabisa, yule supavaiza, tim lida, mkuu wa kitengo, anayefokewa na wakubwa asubuhi halafu mchana asimame mbele ya vijana wake na sura ya kawaida utadhani hakuna kilichotokea.

Mimi nipo kwenye kazi za godauni huku Barabara ya Nyerere, nitaongelea ninachokiona. Kontena likichelewa kutoka bandarini mteja anampigia mkurugenzi, mkurugenzi anampigia meneja, meneja anampigia supavaiza, na kwa supavaiza ndo simu inapoishia, maana yeye hana wa kumpigia zaidi ya dereva aliyekwama kwenye foleni pale TAZARA, na dereva naye hana mabawa. Hapo ndo utamkuta mtu mzima na akili zake anamwakia binti wa stoo kisa delivari noti imekosewa tarehe. Binti hajachelewesha kontena wala hajaleta foleni, kakosea tarehe basi. Kuanzia kesho yake stoo nzima inafanya kazi kwa woga, mtu akivunja kitu anaficha, mzigo ukipungua hasemi mpaka siku ya kuhesabu stoku, na ikifika siku hiyo anayeitwa kujieleza ni supavaiza yule yule.

Halafu haya magrupu ya WhatsApp ya kazi. Saa tano usiku inaingia meseji "ripoti ya leo iko wapi??" na hapo hapo majibu yanamiminika, sawa bosi, natuma bosi, hata asiyehusika na ripoti anaandika sawa bosi ili aonekane yuko macho. Jamani! Hiyo ripoti hakuna atakayeifungua kabla ya saa tatu asubuhi. Mara nyingi aliyeituma naye katumiwa hivyo hivyo kutoka juu muda si mrefu, kaamua kuishusha kama ilivyo ili yeye alale.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 kwa wiki, lakini kifungu cha 17 kinamtoa kwenye hizo saa mtu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na anaripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Yaani ukipandishwa cheo unapongezwa, unanunuliwa soda, na kinga ya saa inaondoka kimya kimya. Sasa piga hesabu, mtu anaingia saa moja asubuhi anatoka saa moja jioni Jumatatu mpaka Ijumaa, ukitoa saa ya kula tayari ni 55, Jumamosi bado hujaiweka. Na hiyo 55 ndo namba ambayo WHO (Shirika la Afya Duniani) na ILO (Shirika la Kazi Duniani) waliitaja mwaka 2021, kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki hatari yake ya kupata kiharusi inakuwa kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 mpaka 40. Walikadiria watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo mwaka 2016 kwa sababu ya saa ndefu za kazi. Sisi tukisikia fulani kaanguka ofisini tunasema karogwa.

Kuna mwenzetu wa godauni la jirani namsifia hadharani. Akishafokewa kwenye simu haingii stoo, anatoka getini kwa mama lishe, anaagiza chai, anachukua karatasi anaandika kipi kitafanyika leo, kipi kesho, kipi hakiwezekani, halafu hicho kisichowezekana anampigia meneja anamwambia mapema na sababu zake. Vijana wake wanapewa kazi, hasira anaziacha huko huko. Hizi semina za siku moja hotelini na tisheti za kampuni sina ugomvi nazo, wali ni mzuri, ila hazijawahi kufikia hiyo chai.

Likizo ndo usiseme. Siku 28 zipo lakini mkuu wa kitengo anaenda nazo Moshi na laptopu, na tuseme ukweli wengine hawaendi kabisa kwa kuogopa akirudi atakuta mtu kwenye kiti chake, kwa hiyo hafundishi msaidizi, na asipokuwa na msaidizi hawezi kuondoka, mzunguko ndo huo.

Waajiri, kama sheria imemwacha huyu mtu basi saa zake wekeni kwenye mkataba, HR nao wafuatilie likizo za mabosi kama wanavyofuatilia za walinzi. Na nyie maadmini wa magrupu, WhatsApp ina sehemu ya kuweka admini peke yake ndo atume meseji, ikifika saa mbili usiku funga, na wewe admini mwenyewe usitume. Godauni likiungua piga simu.

Msomaji wenu,
Supavaiza wa Vingunguti, Dar es Salaam