Dada, kuhusu hao majirani zako wa Marzahn

Dada yangu,

Jina lako silitaji, utajijua. Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti kwenye kundi la familia, ukiwaonya watoto wa mama mdogo wanaokuja kukutembelea Berlin: wakikutana na majipsi washike mikoba, maana ni wezi na hawana kwao.

Tuanze na hilo la kutokuwa na kwao. Wenyewe hujiita Waroma, na wale wa Ujerumani tangu enzi, Wasinti. Wazee wao walitoka kaskazini mwa India yapata miaka elfu moja iliyopita. Hata leo maji wanayaita *pani*, kama Wahindi wetu wa Upanga. Mji wa Hildesheim uliwaandika kwenye hati zake mwaka 1407. Wewe umefika juzi na tayari unasema "huku kwetu".

Na kuhamahama, wengi walifukuzwa. Wengine hata ruhusa ya kuhama hawakuwa nayo: katika nchi ambayo leo ni Romania walikuwa watumwa wa watawala, makabaila, hata nyumba za watawa. Hati ya 1385 inazitaja familia 40 kama mali ya monasteri. Mfua shaba, mchonga vijiko, mpiga fidla wa harusini, wote waliuzwa na kurithishwa hadi miaka ya 1850. Uhuru ulipokuja, waliolipwa fidia ni mabwana. Sisi wa Bagamoyo hatuhitaji kusimuliwa zaidi.

Ila ninalotaka ulijue hasa limetokea hapo hapo unapokaa. Tarehe 16 Julai 1936, wiki mbili kabla ya Olimpiki, chini ya Wanazi wa Hitler, polisi wa Berlin waliwazoa Waroma na Wasinti wapatao 600, mji uonekane safi kwa wageni. Wakawatupa Marzahn, mtaa wako huo wa pembeni mwa jiji, kando ya makaburi na mashamba yaliyomwagiwa maji taka ya jiji. Mmoja wao, Otto Rosenberg, alikuwa mtoto wa miaka 9. Wakaja watafiti na vipimo vyao, wakawapima watu vichwa, wakaandika nani kazaliwa na nani. Mwaka 1943 wengi wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Rosenberg alipona, karibu jamaa zake wote hawakurudi.

Sasa sikia hili. Mwaka 1956, vita vimekwisha zamani, mahakama kuu ya Ujerumani Magharibi ilisema waliyotendewa kabla ya 1943 hayakuwa mateso ya kibaguzi, ni hatua za polisi tu, kwa kuwa watu hao wana mwelekeo wa wizi. Fidia wakanyimwa. Hayo ndiyo uliyoyasema kwenye kundi, dada, tena ukamalizia na kicheko. Serikali ilikuja kukiri mauaji yale kuwa ya kimbari mwaka 1982 tu, miaka miwili baada ya Wasinti kugoma kula Dachau, palipokuwa kambi ya Wanazi.

Hapo Marzahn pana uwanja wenye jina la Otto Rosenberg, na mabango yenye picha na maelezo. Yako kwa Kijerumani, nawe unakisoma. Wakifika hao watoto, wapeleke, kisha turushie ujumbe mwingine wa sauti kwenye kundi lile lile.

Mdogo wako