Leso zangu si bandia, na jina la leso si tangazo

Meneja Mkuu,
Idara ya Wauzaji,
Makao Makuu, Nairobi.

14 Aprili 2025

Kwa heshima,

MINTARAFU: KUFUNGWA KWA AKAUNTI YANGU, KUZUILIWA KWA SHILINGI 87,350, NA KUDHALILISHWA KWANGU KATIKA KITUO CHENU CHA MOMBASA

Nawaandikia kwa adabu niliyolelewa nayo, na naomba barua hii isomwe na mtu, si mfumo. Sera zenu mnazijua, kwa hivyo sitazinakili hapa. Mimi nimezisoma mara nne tangu mnifungie akaunti ninayouzia leso, yaani kanga, kwenye soko lenu la mtandaoni, neno kwa neno, na bado sijaona mahali palipoandikwa kwamba muuzaji akikosea atandaziwe mali yake chini.

Jumatano tarehe 19 Machi, saa nane mchana, nilifika kituoni kwenu kuchukua doti 46, yaani jozi 46, za leso mlizonirudishia. Nilikuwa nimefunga. Kijana wenu wa kaunta alilikata robota langu bila kuniuliza, akazitoa leso, akazitandaza sakafuni mbele ya watu waliokuwa foleni, akasema kwa sauti, "Mathe, hizi ni feki, mfumo umeshasema." Kisha akanipa fomu niitie sahihi kwamba nakubali bidhaa zangu ni bandia, la sivyo sitoki nazo. Nikatia sahihi. Nilitaka mali yangu, na nilitaka kuondoka pale. Sahihi ile naikana leo kwa barua hii, na naomba muiandike hivyo kwenye faili langu.

Sasa niseme hayo makosa matatu mliyonihesabia.

La kwanza, picha. Mwasema picha kuu ya bidhaa isiwe na maandishi. Sawa, naelewa kwa nini: wako wanaobandika bei, namba za simu na maneno ya kuvutia wateja juu ya picha. Lakini leso ina pindo la kuizunguka, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani maneno au methali yake. Jina sikulibandika mimi. Limepigwa chapa kiwandani, ndani ya nguo yenyewe, kwa herufi anazozisoma hata bibi asiyeona vizuri. Leso isiyo na jina Mombasa hii utamuuzia nani? Mfumo wenu ukaona herufi, ukanipa kosa la kwanza.

Nikatii. Nilizikunja leso zote upya, jina likaingia ndani, nikapiga picha upya usiku kucha na taa ya simu ya binti yangu. Matokeo yake wateja tisa wakarudisha mzigo katika wiki mbili, na kila mzigo uliorudi mkaniandikia kuwa ni udhaifu wangu. Hao wateja siwalaumu hata kidogo. Mwanamke hanunui leso asiyojua inasema nini. Pambo moja hutoka na majina mbalimbali. Rangi ile ile, pindo lile lile, maneno tofauti. Mtu aliyetaka kumpelekea mkwewe "Wema hauozi" akifungua akute leso ya kumsema jirani, atakaa nayo? Ndoa zimeharibika kwa makosa madogo kuliko hayo.

Ndipo nikaandika jina la kila leso kwenye kichwa cha bidhaa, ambapo sera yenu inaruhusu maelezo. Leso moja jina lake ni "Dawa ya moto ni moto". Mkaniandikia kosa la pili: kuuza dawa za binadamu bila kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu. Nilidhani ni hitilafu ya dakika tano. Nikafungua tiketi nikaeleza kwamba hiyo ni nguo, pamba tupu, na maneno hayo ni methali. Jibu likaja: "Tafadhali pakia kibali." Nikaandika tena. "Tafadhali pakia kibali." Mara sita, ninazo zote hapa, jibu ni lile lile mpaka kitone cha mwisho. Kampuni inayofanya biashara Kenya, inayopokea pesa za Waswahili kutoka Lamu hadi Vanga, haina hata mtu mmoja wa kusoma sentensi ya maneno matano ya Kiswahili?

La tatu ndilo lililonifikisha kwenye kaunta yenu. Bandia. Pembeni mwa leso zangu kuna herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Mama yeyote wa pwani huangalia hapo kwanza kabla hajauliza bei. Mfumo ukaona chapa ya mtu mwingine, ukanidai barua ya idhini ya mwenye chapa. Mimi sichapi leso. Mimi nanunua kwa jumla hapa Biashara Street, nalipa, napewa risiti, nauza. Nilipakia risiti saba. Mkanijibu kwamba risiti "hazikidhi". Hazikidhi nini, hamkusema. Muuza sukari naye mwamdai barua ya mwenye shamba la miwa?

Na msinielewe vibaya, maana hili naliamini kwa moyo wangu wote: bidhaa bandia zitolewe. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia tunayo tangu 2008 na mimi ni wa kwanza kuitaka ifanye kazi. Zile leso za poliesta zinazong'aa, zinazotoka rangi ukifua mara moja na kukuchoma mgongo juani, ndizo zinazoniua kibiashara, na mpaka jana usiku zilikuwa bado ziko kwenye programu yenu kwa shilingi 600, kosa hata moja hazina. Kwa nini? Kwa sababu muuzaji wake ametoa picha za kompyuta, herufi zimefutwa, na hakuandika chapa yoyote. Mwizi amepita mlango wazi, mwenye mali halali amefungiwa. Mkitaka kujua leso ya kweli haihitaji mfumo. Chomoeni uzi mmoja muuchome. Pamba huwa jivu, ukilishika linasagika. Poliesta huyeyuka ikafanya donge jeusi gumu. Nilimwomba kijana wenu afanye hivyo pale pale kaunta. Alinitazama kana kwamba nimemwomba achome duka.

Mnajua mwezi wa Januari mlinipigia simu nyinyi wenyewe? Mlitaka kuweka leso zangu kwenye ukurasa wa mbele, "bidhaa za pwani", na mkaniomba picha ambazo jina linasomeka vizuri. Jina linasomeka vizuri! Hayo ni maneno ya mfanyakazi wenu, na ujumbe ninao. Picha hizo hizo mlizoziomba Januari ndizo mlizonihesabia kosa Februari.

Narudi kwenye ile Jumatano. Nimejaribu kuipita lakini siwezi, kila nikikaa kuhesabu hasara hapo ndipo hasira inaponipanda.

Hakuzitandaza zote. Alizitupa zile za juu, kama doti nane hivi, ili eti apige picha za ripoti. Iliyokuwa mbele kabisa ilikuwa leso nyekundu yenye mji mweupe, jina lake "Nani kama mama". Kijana alikuwa akitoka kaunta kwenda kwenye mzani na kurudi, na njia yake ilikuwa juu ya hiyo leso. Nilimwambia, "Mwanangu, waikanyaga." Akasema, "Si ni feki?" Akapita tena. Unyayo wa kiatu chake ukabaki pale kwenye mji mweupe, mistari yote ya soli inaonekana, kisigino kiko karibu na neno "mama". Watu walinyamaza. Mzee mmoja aliyevaa kanzu, simjui, alikuwa amekuja kuchukua kifurushi chake, akainama mwenyewe na mgongo wake ule, akaiokota, akaikung'uta, akaikunja mara nne, akanikabidhi kwa mikono miwili. Hakusema neno. Mimi machozi yalinitoka hapo, si kabla.

Leso ndiyo tunayombebea mtoto. Ndiyo tunayojitanda tukienda matangani. Mama yangu alipofariki alikuwa amejifunga leso. Haitandikwi chini ikapitwa na viatu, hata kama ni ya muuzaji mwenye makosa mia.

Kisha ndiyo ikaja ile fomu. Na hili sikulisema hapo juu kwa aibu: baada ya kutia sahihi aliniambia niishike fomu karibu na kifua, akanipiga picha, uso wangu na neno BANDIA, kwa simu yake mwenyewe, si ya kampuni. Picha hiyo iko wapi? Nani ameiona? Nimeuliza kwa barua pepe tarehe 21 Machi na tarehe 2 Aprili. Kimya.

Katika ile barua ya tarehe 21 nilidai mambo matatu tu: akaunti yangu ifunguliwe, pesa zangu shilingi 87,350 zitumwe kwenye M-Pesa, na hilo neno "bandia" lifutwe kwenye rekodi yangu. Mngelifanya hivyo wiki ile, wallahi ningelinyamaza na kurudi kufanya kazi. Idi ilikuwa haijafika. Leso nilizichukua kwa mkopo nikitegemea Idi, kama kila mwenye duka la leso anavyofanya, na mwenye duka la jumla hakujua mambo ya mfumo, alitaka chake. Doti 30 nimezitoa kwa shilingi 1,000 badala ya 1,450, nikizitembeza majumbani Majengo na Kisauni kwa miguu. Hasara hapo ni 13,500. Juu yake mmenikata 2,300 mkaita ada ya kuhifadhi. Mmenihifadhia nini? Mali mlizikataa wenyewe, mkazikalia siku kumi na moja, mkazikanyaga, mkanitoza.

Kwa hivyo madai yangu sasa si yale ya Machi. Nataka 87,350, nataka 13,500, nataka 2,300. Jumla shilingi 103,150. Nataka akaunti ifunguliwe na makosa yote matatu yafutwe, si "kusamehewa", yafutwe, kwa sababu hayakuwapo. Nataka picha yangu ifutwe na mnithibitishie kwa maandishi ni simu zipi ilizopita. Na nataka kuombwa radhi pale pale kituoni, kwa sauti ile ile iliyotumika kuniita mwuza feki, saa za kazi, watu wakiwepo. Kijana simtakii afukuzwe. Ana mama yake pia. Nataka aliyempa amri ile ndiye aje kuniomba radhi.

Nilikuwa nimewaandikia siku 14 hapa. Nimefikiri tena. Nimengoja siku 26 tangu ile Jumatano, na nyinyi mlinipa saa 48 kujibu tuhuma za bandia mwezi wa Ramadhani. Nawapa siku saba.

Siku saba zikipita, ya kwanza nitakwenda Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 kinanipa haki ya kutofungwa na uamuzi uliotolewa na mashine peke yake unaponigusa kwa kiasi kikubwa, na kinanipa haki ya kudai uamuzi huo uangaliwe upya. Kufungiwa riziki kunanigusa. Mara sita niliomba mtu na mara sita nilijibiwa na mashine. Huo ushahidi mmenitengenezea wenyewe. Picha yangu kwenye simu ya mfanyakazi wenu nitaipeleka huko huko.

Ya pili, Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, haihitaji wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Mimi nina muda, maana mmeniondolea kazi. Huko sitadai 103,150 peke yake. Huko nitadai pia fidia ya kudhalilishwa, na nitaita mashahidi. Watu wa foleni ile si wageni kwangu wote. Wawili ni wateja wangu wa miaka.

Ya tatu, tuko wauza leso kumi na saba tunaouza kupitia kwenu kutoka Mombasa, Malindi na Kwale. Wanne wameshapewa kosa la "maandishi kwenye picha" mwezi huu. Barua hii wanayo. Tumekubaliana kwamba jibu lenu kwangu ndilo litakalotuambia sote tubaki au tutoe mali zetu siku moja.

Nimeambatisha risiti saba za ununuzi, majibu yenu sita, ujumbe wenu wa Januari, nakala ya ile fomu, na picha ya leso yenye unyayo. Leso yenyewe sikuileta. Nimeifua mara mbili, vumbi limetoka, alama ya soli haijatoka. Nimeikunja vile vile alivyoikunja yule mzee, na nitakwenda nayo popote nitakapoitwa.

Wenu,

Muuza leso,
Majengo, Mombasa.