Katiba ya Marekani haikuandikwa mwaka 1776

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako linaingia nyumbani kwangu tangu nilipokuwa mwalimu kijana, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia. Majina ya wachezaji mliyoyakosea niliyaacha yapite. Picha ya mbunge mmoja juu ya jina la mbunge mwingine niliiacha pia. Lakini ile taarifa yenu ya kurasa za kati, kuhusu wanafalsafa wa Zama za Mwangaza (wale wa Ulaya ya karne ya 17 na 18 walioipima mila na mamlaka kwa akili) na kuzaliwa kwa Katiba ya Marekani, sitaiacha, kwa sababu imekwisha kuingia darasani na imeleta madhara.

Mliandika kuwa Katiba hiyo ilipitishwa tarehe 4 Julai 1776, kuwa mwandishi wake ni Thomas Jefferson, na kuwa ibara yake ya kwanza inatamka kwamba binadamu wote wameumbwa sawa. Hakuna hata moja lililo kweli. Kilichopitishwa siku ile ni Tamko la Uhuru. Katiba iliandikwa Philadelphia miaka kumi na moja baadaye, kuanzia Mei hadi Septemba 1787, na tarehe 17 Septemba wajumbe 39 kati ya 55 waliohudhuria mkutano ule wakaitia saini. Jefferson hakuwemo ukumbini. Alikuwa Paris, akiiwakilisha nchi yake kwa Wafaransa. Na ibara ya kwanza haina habari ya kuumbwa sawa. Inaunda Kongresi, yaani bunge lao lenye mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, inaeleza wabunge watapatikanaje na watakuwa na mamlaka gani, basi.

Mtu anaweza kuniambia kuwa hizo ni tarehe tu, za nchi ya watu. Si tarehe tu. Kuchanganya hati hizi mbili ni kama kuchanganya barua ya posa na cheti cha ndoa. Tamko la Uhuru ni hati ya mashtaka dhidi ya Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, aliyekuwa akiwatawala, na mhimili wake ni hoja ambayo mwanafalsafa John Locke aliijenga Uingereza karibu karne nzima kabla yake: kwamba mtu ana haki zake hata kabla serikali haijakuwepo, kwamba serikali hupata mamlaka kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, na kwamba ikiisaliti amana hiyo wanaweza kuiondoa. Kwa hoja hiyo unamwondoa mfalme. Haikuelezi umfanyeje yule atakayekalia kiti baada yake, na hilo ndilo swali waliloketi kulijibu Philadelphia majira yote ya joto, milango imefungwa, wamekubaliana kutunza siri.

Hapo napo mmepotosha. Mmeandika kuwa mgawanyo wa madaraka waliupata kwa Rousseau, mwanafalsafa mzaliwa wa Geneva. Rousseau alifundisha kinyume chake! Katika kitabu chake cha mwaka 1762 alisema mamlaka kuu ya umma haigawanyiki, na hata huo uwakilishi wa bungeni hakuukubali; Waingereza, kwa maoni yake, wako huru siku ya uchaguzi tu. Aliyewafundisha Wamarekani mgawanyo wa madaraka ni Montesquieu, jaji wa Bordeaux, ambaye mwaka 1748 aliandika kuwa mtu yuleyule, au kundi lilelile, likishika kutunga sheria na kuzitekeleza, uhuru umekwisha. Na kwamba mwamuzi naye lazima atengwe na hao wawili. James Madison, mmoja wa wajumbe wa Philadelphia, alimtaja kwa jina alipokuwa akiitetea Katiba magazetini. Ndiyo maana Rais wa Marekani anaweza kuukataa muswada lakini theluthi mbili za kila Baraza la Kongresi zinaweza kumshinda, majaji anawateua yeye lakini Seneti ndiyo inayowathibitisha, na mshahara wa jaji haupunguzwi akiwa kazini hata akiwaudhi wote. Kila mmoja amepewa njia ya kumzuia mwenzake, maana walioandika walijua binadamu si malaika.

Sasa nikueleze kilichotokea. Mwezi uliopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mdahalo katika shule moja ya sekondari hapa mjini kwetu. Mada ilikuwa kwamba katiba nzuri huzaa serikali nzuri. Binti mmoja wa kidato cha tatu, upande wa waungaji mkono, akasimama na kipande cha gazeti lako mkononi, akasoma kwa sauti safi kuwa ibara ya kwanza ya Katiba ya Marekani inatamka usawa wa binadamu wote. Kijana wa upande wa pili akamwuliza swali moja: kama hiyo ndiyo ibara ya kwanza, mbona watu weusi walinunuliwa na kuuzwa chini ya Katiba hiyohiyo kwa karibu miaka themanini? Binti akakitazama kile kipande. Hakuwa na jibu. Kijana akamalizia kuwa katiba ni karatasi, kwamba wenye nguvu hufanya watakalo hata iandikwe nini, na ukumbi mzima ukapiga madawati. Mimi, kama mwamuzi, kanuni haziniruhusu kuingilia. Yule binti alinifuata baadaye nje, akaniamkia, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwani gazeti si lilihaririwa?"

Hilo ndilo linaloniuma, Ndugu Mhariri, kwa sababu jibu la swali la yule kijana lipo, ni fupi, na linaigeuza hoja yake juu chini, lakini ninyi mlimnyang'anya binti yule kabla hajasimama. Katiba ya 1787 haikuvunja ahadi ya usawa kwa watumwa kwa kuwa haikuwapa ahadi hiyo. Ilisema mambo mengine, na yaliyosemwa yakatekelezwa. Ibara ya kwanza hiyohiyo mliyoisifu inaagiza kuwa katika kuhesabu watu ili majimbo yagawiwe viti vya Baraza la Wawakilishi, watumwa wahesabiwe kwa sehemu tatu za tano. Maana yake wenye mashamba wa Kusini walipata viti vya ziada, na kura za ziada za kumchagua Rais, kwa migongo ya watu ambao hawakuwa na kura wala jina mahakamani. Ibara hiyohiyo inaizuia Kongresi kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya mwaka 1808. Ibara ya nne inaagiza mtumwa aliyetorokea jimbo jingine arudishwe kwa anayemdai. Karatasi ile haikupuuzwa na wenye nguvu hata siku moja. Ilifanya kazi barabara, watu wakarudishwa minyororoni kwa sababu imeandikwa hivyo. Waliopigana kuufuta utumwa walilielewa hilo kuliko sisi. William Lloyd Garrison aliichoma moto nakala ya Katiba hadharani Massachusetts tarehe 4 Julai 1854. Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa akatoroka, alikwisha kuwauliza watu wa Rochester miaka miwili kabla yake kuwa sikukuu yao ya uhuru inamhusu nini mtumwa, lakini katika hotuba ileile akaitetea Katiba, akidai ikisomwa vizuri ni silaha ya uhuru. Walipingana vikali, na waliweza kupingana kwa sababu wote wawili walikuwa wameisoma. Mwishowe ilihitajika vita ya wenyewe kwa wenyewe, kisha Badiliko la 13 la Katiba mwaka 1865, lililofuta utumwa, na la 14 mwaka 1868, lililoagiza ulinzi sawa wa sheria, ili usawa ule wa kwenye Tamko uingie ndani ya Katiba penye meno. Kijana aliyeshangiliwa ameondoka akiamini maandishi hayana kazi, wakati historia aliyoitaja inathibitisha kuwa maandishi yalikuwa na kazi kubwa na ya kutisha.

Na sisi Watanzania ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kulikosea hili. Tulipata uhuru mwaka 1961 na Katiba isiyo na sura ya haki. Kwa miaka mingi baadaye haki zilikaa kwenye utangulizi, maneno mazuri ambayo mwananchi hakuweza kusimama nayo mahakamani. Hati ya Haki iliingia kwenye mabadiliko ya mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuitumia mwaka 1988. Wamarekani nao, mjumbe George Mason alikataa kusaini Philadelphia kwa kuwa hapakuwa na hati ya haki, wakaipata Desemba 1791. Tofauti kati ya maneno ya utangulizi na ibara yenye namba tumeiishi wenyewe.

Nikiwa bado nina kalamu mkononi, kile kisanduku chenu cha "Nukuu ya Wiki" nacho kitazamwe. Hivi karibuni mmemnukuu tena Voltaire, mwandishi Mfaransa wa karne ya 18, kuwa hakubaliani na unayoyasema ila atakufa akitetea haki yako ya kuyasema. Voltaire hakuandika maneno hayo. Ni ya Evelyn Beatrice Hall, mwandishi Mwingereza, aliyeyatumia mwaka 1906 kueleza msimamo wa Voltaire, ambaye wakati huo alikuwa kaburini kwa zaidi ya karne. Mwanamke ameandika sentensi iliyozunguka dunia nzima na ninyi kila mara mnampa mwanamume sifa yake.

Ninachotaka ni hiki. Kwanza, kila mtakaponukuu katiba yoyote, iwe yetu, ya Kenya au ya Marekani, namba ya ibara na mwaka vichapwe palepale, na mhariri wa zamu asiipitishe habari isiyo navyo. Pili, masahihisho yasitupwe tena chini ya matangazo ya hati za viwanja zilizopotea. Yatoke kurasa zilezile za kati, kwa herufi za ukubwa uleule wa kichwa cha habari cha taarifa ile. Tatu, Katiba ya 1787 bila mabadiliko yake ina maneno yapatayo 4,500 tu. Itafsirini, muichape Jumamosi ili vilabu vya midahalo viipate Jumatatu, Tamko la Uhuru ukurasa wa kushoto, Katiba ukurasa wa kulia, kila moja na mwaka wake juu, na vifungu vile vitatu kuhusu watumwa vikolezwe wino. Msiweke tangazo lolote katikati. Na itoke kabla ya mitihani ya kidato cha nne, kwa sababu najua shule ambako ile taarifa yenu bado imebandikwa ukutani.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro